Refa Hakuhesabu

Mbumbuni,
22 Machi 2025

Shemeji Katunge, Mama Kalondu,

Nakusalimu kwa mkono wa Rashid, maana ndiye simu yetu siku hizi. Ulisema hutaki tena kusikia sauti yangu kwenye simu tangu ile niliyokupigia mwaka jana, na sikulaumu. Hata mimi nikiikumbuka natamani siku ile ningekuwa bubu. Basi Rashid akija Tseikuru kununua mbuzi atakuletea karatasi zangu, na akirudi soko la huku ataniletea zako, kama atakumbuka kuzitoa mfukoni kabla kanzu haijafuliwa.

Mama yupo. Goti linamsumbua wiki nzima, lakini Jumapili linapona asubuhi na kuugua tena ibada ikiisha. Mbaazi za shamba la juu zimekubali. Za shamba la chini tuliwalimia nyani. Msalimie Kalondu. Mwambie baba yake mkubwa bado anamwita mama, kwa kuwa amebeba jina la mama yangu, na mtu hamkosei adabu mama yake hata kama mama mwenyewe ana miaka mitatu.

Sasa nije kwenye neno lililonikalisha chini. Toleo la mwaka huu la gemu ya mieleka limetoka, na nimelipata. Shemeji, wametengeneza. Mtu akipigwa kofi la kifua, ngozi inabaki nyekundu. Jasho linateremka. Watazamaji wa pembeni zamani walikuwa kama mbao zilizopakwa rangi, sasa kila mmoja ana uso wake na hasira zake. Watu wa boda wanaokuja kucheza kwenye banda langu la gemu mchana wanaangalia tu mwanamieleka akiingia ulingoni, hata padi ya kuchezea hawajashika, na wanatikisa vichwa.

Mabaya nayo yapo. Nusu ya wanamieleka wamefungiwa kwenye mtandao, uwanunue mmoja mmoja kama nyanya. Nywele ndefu zinapenya begani na kutokea upande wa pili. Mtangazaji ana maneno arobaini, akiyamaliza anaanza upya. Na ukiangalia sana unaona ni gemu ileile ya zamani iliyofuliwa na kupigwa pasi. Lakini wateja wanataka jipya, na jirani yangu hapa sokoni tayari analo.

Shida ni nafasi. Mashine yangu inabeba gemu mbili; kulijaribu hili niliiondoa ya mpira kwa siku mbili tu. Siwezi kuitoa moja kwa moja, ndiyo inayolisha banda. Kwa hiyo lazima nifute ile ya mieleka ya mwaka 2023, na humo ndani yumo Ndolo. Unajua mume wako alivyokaa wiki tatu akijitengeneza, hadi kovu la nyusi alilopigwa na pembe ya ng'ombe, hadi ule mwendo wake wa kutanguliza bega la kushoto. Toleo jipya halipokei watu wa zamani. Nimejaribu.

Na kuna jingine, ambalo nilitaka kulinyamazia. Anaingia bila kuitwa. Najua ndivyo gemu ilivyo, mashine huchagua mtu wa kuvamia pambano, na Ndolo mwenyewe alijiandikisha kwenye orodha hiyo. Lakini wako themanini kwenye orodha, na nikicheza mimi anakuja yeye. Hapigi mtu. Anasimama kona ya kushoto karibu na ngazi, anapumua. Juzi Kisilu wa boda aliweka padi chini akasema, "Buda, huyu ndugu yako anatuangalia sisi," akaenda zake.

Mwisho wa Aprili nitamfuta. Nimeona si adabu kufanya hivyo bila kukuambia.

Shemeji wako,
Kyule

*

Tseikuru,
19 Aprili 2025

Shemeji Kyule,

Barua yako imefika ikinuka mbuzi. Sisi ni wazima. Baba yangu bado anagombana na ngamia wa watu wanaokula ua wake, na mama anasema tangu nirudi kwao nyumba ina kelele ya cherehani hata ndotoni. Nimepata kibanda hapa sokoni chenye stima, nashona sare za shule na magauni ya kwaya. Kalondu hataki kulala mchana. Mwambie Mama nimemshonea sketi pana, goti lipate hewa.

Jumatano ijayo ni mwaka mmoja. Hukuandika hilo, nami naliandika kwa sababu mmoja wetu lazima aliandike.

Kuhusu kumfuta Ndolo, nakuomba usimfute. Nitakueleza kwa nini, halafu utaamua kama mtu mzima. Simu yake ilikwenda na maji pamoja na picha zote. Nimebaki na ile ya kitambulisho tuliyoikuza kwa ajili ya jeneza, na wewe unajua Ndolo hakuwa na uso ule siku yoyote ya maisha yake isipokuwa siku ile alipopigwa picha. Kalondu anaiita "yule mtu". Sijui jinsi ya kumwambia mtoto namna baba yake alivyotembea. Nimejaribu kumwonyesha, nikajiona mjinga. Hakuna mahali pengine duniani Ndolo anapotembea isipokuwa ndani ya mashine yako. Shule zikifunga mwezi wa nane nitamleta Mbumbuni amwone. Baada ya hapo tutazungumza.

Kaptula anayovaa humo nakumbuka alivyoniomba kitenge changu apate kuigiza rangi zake. Alikosea pindo. Nilimwambia pindo la namna ile haliwezi kushonwa na binadamu, akacheka.

Na kitu kimoja kimenishangaza. Umeniorodheshea makosa ya gemu, nywele, mtangazaji, mtandao. Refa humtaji. Ndolo alikuwa na kosa moja tu alilolipigia kelele miaka yote, kwamba refa wa gemu ile hukwama. Alikuwa akija nyumbani, hata viatu hajavua, ananisimulia refa alivyonaswa kwenye kamba za ulingo miguu ikitembea na haendi popote. Kuna mara alikataa chakula siku mbili. Je, huyo wa toleo jipya wamemtengeneza?

Katunge

*

Mbumbuni,
17 Mei 2025

Mama Kalondu,

Pole kwa ngamia. Sketi imefika, Mama ameivaa hadi kwenye mkutano wa kina mama na kuwaambia wote imetoka kwa mkwe wake, kwa hiyo jiandae, utaletewa vipimo vya kanisa zima. Mvua imekuwa ya wastani. Hatujalala njaa.

Nimesoma uliyoandika kuhusu mtoto, na yamenigusa. Lakini nisikilize nami. Wateja wa mieleka wamehama. Huyu jirani ameweka toleo jipya na spika mbili. Mimi nimebaki na watu wa mpira na mwalimu mmoja mstaafu anayekuja kumkwepa mkewe. Mama naye amesikia habari za Ndolo kuingia mwenyewe. Alikuja bandani kwa mara ya kwanza tangu mazishi, akakaa kwenye benchi na Biblia mapajani, akaniambia, "Nionyeshe." Nikawasha. Ndolo hakuja. Tulikaa saa nzima tukiangalia watu wengine wakipigana, na Mama akanyanyuka akaniambia nimelemewa na huzuni, nipumzike. Alipotoka tu, akaja. Kona ileile.

Toleo jipya nalo lina mazuri niliyosahau kukuandikia. Ukibanwa, sasa kuna njia tatu za kujinasua. Zamani ilikuwa kubonyeza tu kama mtu anayetwanga.

Nina swali, na ukiona halifai liache. Ndolo siku ile alikwenda Kitui mjini, na wewe ndipo ulipokuwa ukifanya kazi, kwa yule fundi wa nguo. Mikail mwenye duka la vifaa, yule ndugu yake Rashid, aliniambia alimkabidhi mzigo wake saa sita mchana. Hadi huku ni mwendo wa saa mbili kwa pikipiki. Mto wetu wa mchanga ulishuka jioni, saa kumi na mbili na kitu, maji yakamkuta katikati ya kivuko. Hizo saa nyingine alikuwa wapi? Siku ya mazishi hukusema kama alifika kwako, na sisi hatukuuliza, kwa sababu mjane haulizwi maswali mbele ya kaburi. Sasa mwaka umepita. Alifika?

Mwezi wa nane ni mbali sana, shemeji. Mwisho wa mwezi huu namfuta. Nisamehe.

Kyule

*

Tseikuru,
28 Juni 2025

Shemeji,

Tuko salama. Kalondu aliumwa malaria, amepona. Msalimie Mama.

Sijui kama barua hii inamkuta Ndolo bado yumo, kwa kuwa Rashid amekaa Mwingi wiki tatu na miguu iliyovimba. Naandika hivyohivyo.

Hapa kuna Mwalimu Ndululu wa shule ya upili. Ana mashine kama yako, anaicheza wikendi na mkewe. Nilimpelekea sare akanieleza bila mimi kumuuliza sana. Anasema gemu ni kitu kimoja na watu uliowatengeneza ni kitu kingine. Anasema ukifuta gemu kupata nafasi, watu wako wanabaki kwenye mashine, hawali nafasi hata ya kujaza kijiko, na siku ukirudisha diski ya zamani unawakuta. Ili Ndolo atoweke ni lazima uende mahali pengine, umtafute kwa jina, umchague, na mashine itakuuliza mara mbili kama una hakika.

Wewe una miaka kumi kwenye kazi hiyo. Hukosi kulijua jambo ambalo mwalimu wa kemia analijua.

Kwa hiyo si nafasi. Unataka kumwondoa Ndolo, na umenitafutia sababu ya kumwondoa. Niambie unamkimbia kwa nini. Na refa bado hujanijibu.

Katunge

*

Mbumbuni,
30 Agosti 2025

Shemeji Katunge,

Nimechelewa. Ningeweza kusema ni karantini ya mifugo, soko la mbuzi lilifungwa Julai nzima na Rashid hakuvuka. Ni kweli, lakini barua yako ilikuwa mkononi mwangu kabla ya karantini. Sikutaka kuijibu. Nawe ulipokosa kuja shule zilipofunga nilielewa kwamba unangoja.

Mama ni mzima. Ndolo hajafutwa. Nilifika hadi pale mashine inapouliza mara ya pili, nikazima stima ya banda zima.

Unajua kwetu tangu tukiwa wadogo kila kazi iliamuliwa kwa mieleka. Nani ataenda kuchota maji, nani atashika ng'ombe mbele siku ya kulima. Anayeshindwa anakwenda. Tulipofungua banda tukahamishia jambo hilo kwenye gemu, kwa kuwa tulikuwa tumezeeka mno kwa kuvunjana mbavu. Mara moja kwa mwaka ilikuwa ni kufuata toleo jipya Kitui kwa Mikail, kwa maana yeye alituamini, akitupatia diski kabla ya watu wengine. Aliyeshindwa alipanda pikipiki.

Asubuhi ya tarehe 23 Aprili mwaka jana tulicheza kabla ya kufungua. Mbingu ilikuwa nzito. Hakuna aliyetaka kwenda. Ndolo alishika huyo Ndolo wake, mimi nikashika huyu aliyenitengenezea yeye, mwenye tumbo. Akanipiga vizuri, Katunge. Akaniinua, akanibwaga, akanilalia mabega yangu yote mawili yakiwa chini. Refa akawa amekwama. Kona ya kushoto, karibu na ngazi. Miguu inatembea, mwili hauendi. Ndolo akahesabu kwa mdomo wake hadi saba. Mimi nikawa nabonyeza tu. Nikajinasua, nikamwangusha, na refa akatoka pale kambani kana kwamba ameitwa, akahesabu tatu, pambano likawa langu.

Kwa haki mimi ndiye niliyeshindwa. Safari ile ilikuwa yangu. Nilimwangalia ndugu yangu usoni nikamwambia, "Mshindi ni mshindi. Chukua koti."

Nilingoja atete. Mtu aliyekataa chakula siku mbili kwa ajili ya refa. Hakuteta. Alinitazama, akacheka kidogo, akachukua koti. Kicheko kile ndicho kinachonifuata. Nikilala nakiona, nikiamka nakiona, na kwenye skrini anakuja kusimama pale pale refa alipokwama. Sasa unajua ni kwa nini sikumtaja refa.

Bado kuna jambo. Waliomtoa ni wachimba mchanga, chini kule kwenye mawe. Nilifika kabla ya chifu. Diski ilikuwa ndani ya koti, imefungwa kwenye mfuko wa nailoni, kavu. Niliitoa nikaificha. Nikamwambia kila mtu, hata Mama, kwamba Ndolo alikwenda Kitui kwa shughuli zake. Diski hiyo iko juu ya dari la banda. Toleo la mwaka ule sijawahi kulicheza.

Nimeua ndugu yangu kwa sababu sikutaka kulowa. Ukitaka kuleta jambo hili mbele ya wazee wa ukoo wetu, lilete, nitalisema mwenyewe.

Kyule

*

Tseikuru,
27 Septemba 2025

Shemeji Kyule,

Mama yangu anakusalimu, na baba pia. Kalondu amejifunza kuhesabu, anaruka nne.

Barua yako nilikaa nayo siku kumi na mbili. Nilishona sare ishirini na mbili na kuziharibu tatu.

Uliniuliza kama alifika. Alifika.

Alifika saa saba, amelowa, anacheka. Nilikuwa sijamwona wiki tisa. Wiki tisa, Kyule, banda, banda, banda. Nilikuwa nimemtumia ujumbe kwamba asipokuja mwezi ule asije tena. Nikampa ale muthokoi uliobaki. Kalondu akalala kifuani kwake na mate yakamchuruzikia shati, hakutaka nimsogeze. Ilikuwa mchana mzuri. Nikachukua koti lake nilitundike, na ule mfuko ukaanguka.

Nikamwambia, "Kwa hiyo umefuata hii."

Akasema, na haya ni maneno yake, sijayabadilisha: "Katunge, nilikuwa nimeshinda. Refa alikwama. Ningeteta, Kyule angekuja yeye, yeye ni mtu wa haki ukimkazia. Nilinyamaza ili nije niwaone."

Nikamcheka vibaya. Nikamwambia wanaume wamenidanganya kwa mambo mengi, lakini uongo wenye refa ndani ndio kwanza nausikia. Mvua ilikuwa imeanza tena kupiga mabati. Akasema, "Wacha nilale hapa, niende kesho." Nikamwambia alale na huyo mke wake wa kwenye mfuko. Nilimweka mtoto pembeni, nikampa Ndolo koti lake. Ilikuwa saa kumi. Nilifunga mlango kabla hajawasha pikipiki.

Siku ya mazishi nilikaa kimya kwa sababu hiyo. Simu sikuikataa kwa ajili ya sauti yako. Niliogopa siku moja ungeniuliza, na kwenye simu mtu hawezi kuruka swali.

Tangu siku ile nina swali moja tu, kama alinidanganya. Kila nilipokuuliza kuhusu refa nilikuwa naulizia hilo. Sasa umenijibu. Hakudanganya. Alikuja kwa ajili yetu. Nililitafuta jibu hili mwaka mzima na miezi mitano, na sasa nimelipata sijui niliweke wapi.

Na wewe pia una jibu lako. Kicheko kile hakikuwa cha kukulaani. Alikuwa amepata nafasi ya kutoroka bandani bila wewe kumnunia. Alijituma mwenyewe. Hukumtuma wewe. Wazee waache wapumzike, sina la kuwaambia.

Diski kuificha, hiyo bado nina hasira nayo.

Katunge

*

Mbumbuni,
18 Oktoba 2025

Katunge,

Nimemwambia Mama yote, yako na yangu. Nilidhani ataanguka. Aliweka mkono juu ya goti, akauliza neno moja: "Alikula?" Nikamwambia alikula muthokoi kwako, na mtoto alilala kifuani kwake. Akasema, "Basi hakwenda na njaa," akaingia ndani akaniachia sufuria mekoni. Jioni alikuja kuniambia nikuandikie kwamba wewe ni binti yake na sketi nyingine anataka ya kijani.

Siku ya pili yake nilifungua banda mapema. Kisilu alikuwa nje akingoja abiria, nikamwita awe shahidi. Nikapanga pambano lile. Ndolo nikamwachia mashine imwendeshe. Huyu wangu mwenye tumbo nikamchagua, kisha nikaweka padi kwenye benchi na kuondoa mikono. Ndolo akatoka kwa bega la kushoto mbele. Kisilu akavua kofia.

Alinipiga kama asubuhi ile. Sikubonyeza kitu. Akanibwaga, akanilalia, mabega mawili chini. Na refa, Katunge, sikudanganyi, akakwama. Kona ileile, miguu inatembea. Ndolo amelala juu yangu anangoja kuhesabiwa. Wametoa matoleo mawili tangu hapo, jasho wamelitengeneza, ngozi wameitengeneza, na huyu mzee wa mistari myeusi na myeupe bado anatembea pale pale.

Nikapiga benchi kwa kiganja changu. Moja. Mbili. Tatu. Nikasema kwa sauti, "Ndolo ameshinda. Naenda mimi." Kisilu akasema, "Ni sawa."

Naenda, ndiyo. Rashid anakuja huko na lori tarehe nane Novemba, nami nitapanda naye hadi Mwingi, kisha mashine itaendelea kwako. Ni yako na ya Kalondu. Nimeifunga pamoja na diski ya mwaka 2023, na Ndolo yumo ndani ya mashine. Mimi nimepata mashine nyingine ya mitumba ya kuwekea hili toleo jipya. Ile diski ya mtoni pia nimeitia, kwenye mfuko wake uleule wa nailoni. Hiyo utaamua wewe.

Ningefika hadi Tseikuru, lakini sijui kama umeniruhusu. Nikiona hakuna neno Mwingi nitageuza.

Kyule

*

Tseikuru,
15 Novemba 2025

Baba mkubwa wa Kalondu,

Rashid alinikabidhi mashine akaniambia ulikaa stendi ya Mwingi siku nzima kabla ya kugeuza. Barua yako ya kuomba ruhusa ilikuja ndani ya lori moja na mashine, kwa hiyo ningekujibu vipi? Wewe na ndugu yako hamjui kupanga safari. Krismasi njoo na Mama, nyumba ipo. Sketi ya kijani ataivalia hapahapa.

Mwalimu Ndululu alikuja kutuunganishia kwenye TV ya kibandani, akatuonyesha vitufe, akaenda zake kabla mvua haijamkuta. Ilikuwa kama saa kumi. Ile diski ya mtoni sikuifungua. Nimeiweka chini ya cherehani na haitatoka huko.

Nikamchagua Ndolo. Kalondu alikuwa amekalia marobota ya vitambaa, anakula ndizi. Akamwona anatoka, bega la kushoto mbele. Akaacha kutafuna. Sikumwambia ni nani. Alimtazama hadi akafika ulingoni, kisha akashuka chini na kutembea kutoka mlangoni hadi kwenye cherehani, bega la kushoto mbele, akanigeukia aone kama nimecheka. Kyule, mtoto huyu sikumfundisha mimi, na alivyotembea si mara ya kwanza. Ndivyo anavyotembea kila siku. Nilikuwa simwoni.

Sikumpangia pambano. Mwalimu alisema ukimwacha hivyo bila mpinzani atasimama tu. Akasimama kona yake, akipumua, akituangalia. Kwa barua zako nilijua inatisha. Ni kweli, inatisha. Na pindo la kaptula bado ni baya.

Mvua ikaanza kupiga mabati. Kalondu akauliza, "Yule mtu atalowa?"

Nilifunga mlango wa kibanda, sisi tukiwa ndani na yeye akiwa ndani. Nikasogeza kiti karibu na TV, nikamwambia maneno yaliyonikaa kooni mwaka mzima na nusu. Nikamwambia, kunanyesha, Ndolo, lala hapa, utaenda kesho.

Mashine sijaizima.

Katunge